Fizi Zinazotoka Damu, Sukari Isiyoshuka: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Kisukari na Wanaomuuguza

Mwenye kisukari akipata mchubuko mguuni, nyumba nzima inajua kabla jua halijazama. Viatu vya kubana vinafichwa, mtoto mmoja anatumwa dawa, mwingine anaambiwa apige simu kliniki. Mtu huyohuyo anaweza kutema povu lenye damu kila asubuhi kwa miaka mitano na asiulizwe kitu. Shangazi yangu alikuwa hivyo. Alilaumu mswaki, akanunua mwingine, kisha akaacha kabisa kuswaki upande wa kulia "ili upumzike." Magego mawili aliyokuja kuyapoteza yalikuwa ya upande huohuo.

Fizi ikiugua kwa muda mrefu huachana na jino, na pale ilipoachana hubaki kifuko. Ndani ya kifuko hicho nyama ni mbichi, imechubuka, inavuja. Watafiti waliwahi kukokotoa kwamba ukivikunjua vifuko vyote vya mtu mwenye ugonjwa wa fizi na kuvitandaza pamoja, unapata kidonda cha sentimita za mraba 8 hadi 20. Uso wa kiberiti cha kawaida uko karibu na 18. Kidonda cha ukubwa wa kiberiti kikikaa kwenye ugoko wa mwenye kisukari, hakuna atakayesema tusubiri. Mdomoni kinasubiriwa kwa sababu hakionekani, na mara nyingi hakiumi.

Nimeandika nikimfikiria mwenye kisukari na anayeishi naye, lakini hatua karibu zote zinamfaa mtu yeyote mwenye meno.

Kwanza uelewe kinachotokea

Mate na mabaki ya chakula huacha utando laini juu ya jino, uliojaa bakteria. Huo ndio ukoga, ule unaoukwangua kwa ukucha asubuhi. Ukiachwa, madini ya kwenye mate huugandisha ukawa ugaga, mgumu kama saruji. Ugaga hautoki kwa mswaki hata ukisugua mpaka mkono uchoke.

Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake mjini Aarhus, Denmark, walichapisha jaribio la ajabu kwa urahisi wake. Watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia kusafisha, fizi zilipona ndani ya takriban wiki moja. Nalipenda jaribio hili kwa sababu linajibu maneno mawili ninayoyasikia kila mara: kwamba fizi kutoka damu ni ya kurithi, na kwamba ni upungufu wa vitamini C. Machungwa ni mazuri, na kiseyeye ni ugonjwa wa kweli uliowaua mabaharia wengi, ila kwa mtu anayekula mchicha na maembe damu ya fizi karibu kila mara ni ukoga.

Ugonjwa ukiishia kwenye fizi, fizi hupona. Ukishuka ukala mfupa unaoshika jino, mfupa ule haurudi wenyewe. Hapo kinachowezekana ni kuuzuia ugonjwa usiendelee.

Sasa sukari. Sukari ikiwa juu, chembe za damu zinazopambana na vijidudu hulegea, mishipa midogo ya fizi huharibika, na kidonda hupona polepole. Kwa hiyo kisukari huharibu fizi. Upande wa pili ndio wengi hawaambiwi: fizi zilizovimba humwaga kwenye damu kemikali za uvimbe ambazo huifanya insulini isifanye kazi yake vizuri. Kwa hiyo fizi nazo hupandisha sukari. Mwaka 1993 Löe huyohuyo aliuita ugonjwa wa fizi tatizo la sita la kisukari, baada ya macho, figo, mishipa ya fahamu, mishipa mikubwa ya damu na vidonda visivyopona. Kliniki za kisukari huchungulia macho na kukagua miguu. Mdomo mara nyingi hauna mwenyewe.

Je, ukitibu fizi sukari inashuka? Mwaka 2022 mtandao wa Cochrane uliokusanya majaribio mengi ulikadiria kwamba kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, hushuka kwa wastani wa asilimia 0.43 ndani ya miezi 3 hadi 4 baada ya fizi kutibiwa. Maana yake, aliyekuwa na 9.0 anaweza kukaribia 8.6. Haichukui nafasi ya dawa kama metformini wala ya kupunguza ugali na soda. Lakini ni punguzo la bure kwa mtu ambaye meno yake yalihitaji kusafishwa hata hivyo.

Utasikia mengi zaidi: kwamba fizi husababisha ugonjwa wa moyo, mimba kutoka, kusahau uzeeni. Hapa nitakuwa mgumu kidogo. Mwaka 1910 daktari Mwingereza, William Hunter, alihutubia Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akilaumu vinywa vichafu kwa magonjwa mengi ya mwili. Miaka iliyofuata watu wengi waling'olewa meno yasiyo na kosa ili wapone baridi yabisi na mengineyo, na hawakupona. Kwa hiyo tupime maneno. Wenye ugonjwa wa fizi hupata maradhi ya moyo zaidi kuliko wengine, hilo limeonekana mara nyingi. Lakini Shirika la Moyo la Marekani lilisema mwaka 2012 kwamba haijathibitishwa kuwa fizi ndizo chanzo. Sigara na kisukari huharibu vyote viwili. Kwa wajawazito, jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2006 lilionyesha kwamba kutibu fizi wakati wa ujauzito ni salama na fizi zinapona, ila watoto njiti hawakupungua. Ushahidi kwenye kisukari una nguvu zaidi, ndiyo maana mwongozo umeegemea huko.

Hatua ya 1: Jikague kwenye mwanga

Simama mbele ya kioo mchana, au tumia tochi ya simu. Vuta mdomo kwa kidole. Fizi nzima imekaza, imeshika jino kwa ukingo mwembamba, na haitoki damu ukiigusa.

Rangi inatuchanganya sisi wengi, kwa sababu picha za vitabuni ni za fizi za waridi. Fizi za Mwafrika zina weusi au ukahawia wa asili, wakati mwingine kwa mabaka, na huo si ugonjwa wala hausafishwi. Usiangalie weusi, angalia ukingo unaogusa jino. Ukiwa umevimba, unang'aa kama ngozi ya jipu na umegeuka mwekundu au zambarau kuliko sehemu nyingine, hapo pana tatizo.

Vivyo hivyo madoa ya kahawia kwenye meno ya watu waliokulia Arusha, Moshi au sehemu za Bonde la Ufa nchini Kenya. Yale ni floridi ya maji ya kule, ambayo mara nyingi huzidi miligramu 1.5 kwa lita zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Yamo ndani ya jino tangu utotoni, na hayana uhusiano na fizi. Nimewaona watu wakiyasugua kwa mchanga. Wanaharibu fizi wakitafuta weupe usiokuwepo.

Pitisha uzi wa meno kati ya magego mawili, uutoe, uunuse. Harufu ya uozo inakuambia ukweli ambao mwenzako anaogopa kukuambia. Angalia pia kama meno yameonekana kurefuka, yameanza kuachana mbele, yanacheza ukiyasukuma kwa ulimi, au usaha unatoka ukibonyeza fizi.

Mvuta sigara asijipongeze kwa kutoona damu. Tumbaku hubana mishipa midogo, kwa hiyo fizi zake huoza kimyakimya. Ugoro na tumbaku ya kuweka mdomoni huongeza hatari ya saratani pia, na tambuu yenye popoo ni hivyohivyo.

Fizi zikikua kama nyama inayopanda juu ya meno, angalia dawa unazomeza. Fenitoini ya kifafa inajulikana kwa hilo, na nifedipini ya presha pia. Amlodipini mara chache zaidi. Usiache dawa. Mwambie daktari aliyekuandikia, kwa sababu mbadala mara nyingi upo.

Mambo machache hayangoji miadi. Uvimbe unaoshuka shingoni au kupanda jichoni, kushindwa kufungua mdomo au kumeza: nenda hospitali leo. Fizi zinazovuja damu zenyewe bila kuguswa, pamoja na homa, uchovu mkubwa na mabaka ya damu kwenye ngozi: omba kipimo cha damu kamili mapema, kwa sababu inaweza kuwa saratani ya damu. Fizi zilizokufa na kulika ncha, zenye maumivu makali na harufu kali, kwa kijana: pamoja na matibabu ya meno, pima VVU kama hujui hali yako. Na mtoto aliyedhoofika, hasa baada ya surua, akiwa na kidonda cha fizi chenye harufu mbaya na shavu lililovimba, mkimbize. Huo unaweza kuwa noma, ugonjwa unaokula uso kwa siku chache. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mnamo Desemba 2023.

Hatua ya 2: Pima sukari kabla ya kugusa fizi

Ikiwa fizi zako ni mbaya na hujawahi kupima sukari, anza hapo. Sukari ya kufunga, ile inayopimwa asubuhi kabla hujala, ya 7.0 (mmol/L) na kuendelea, au HbA1c ya 6.5 na kuendelea, ni kisukari, na hurudiwa kupimwa kuthibitisha kama huna dalili nyingine. Watu wengine hugunduliwa kisukari kupitia jipu la fizi linalojirudia.

Kama tayari unajijua, fanya HbA1c sasa, kabla ya matibabu, uandike tarehe. Bila namba ya mwanzo hutajua kama kitu kimebadilika, na utabaki na hisia tu. Kipimo cha kidoleni cha asubuhi hakitoshi kwa kazi hii, maana hupanda na kushuka na chakula cha jana.

Hatua ya 3: Beba habari kutoka kliniki moja kwenda nyingine

Hii ndiyo hatua ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote, kwa sababu hakuna atakayekufanyia. Kadi ya kisukari iko jengo moja, faili la meno liko jengo jingine, na wenye majengo hayo hawasomeani. Mjumbe ni wewe.

Kwenye kliniki ya kisukari sema: "Fizi zangu zinatoka damu. Naomba niandikiwe rufaa ya meno." Kwenye meno, kabla hata ya kufungua mdomo, sema una kisukari, taja HbA1c ya mwisho, na toa orodha ya dawa zote. Piga picha vibao vya dawa kwa simu kama majina yanakushinda.

Taja haya hata usipoulizwa: unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini au aspirini (usiziache mwenyewe), una mlango wa moyo wa bandia, au uliwahi kuambiwa una tatizo la moyo tangu utotoni, una mimba. Bakteria wa kinywa wakiingia kwenye damu ya mtu mwenye milango ya moyo iliyoharibika wanaweza kujijenga pale, na hiyo ni hatari ya kweli. Wengine, kama wenye milango ya bandia, hupewa antibayotiki kabla ya kusafishwa. Na katika nchi zetu, ambako homa ya baridi yabisi ya utotoni bado inaacha mioyo mibovu, kuna watu wengi wanaohusika wasiojua.

Weka miadi asubuhi. Kula kama kawaida, meza dawa kama kawaida, choma insulini kama kawaida. Kosa kubwa la wagonjwa wetu ni kwenda na njaa kwa kudhani ni kama upasuaji. Ukichoma insulini au kumeza dawa ya sukari kama glibenklamidi halafu ukakaa foleni kwa muda wa saa nne bila kula, utaanguka kwa sukari kushuka, na meno hayatasafishwa. Weka pipi au juisi ndogo mfukoni. Ukianza kutetemeka na jasho jembamba, au kipimo kikisoma chini ya 4, itumie hapohapo.

Wapi? Hospitali ya wilaya au ya kaunti kwa kawaida ina kitengo cha meno. Vyuo vinavyofundisha madaktari wa meno, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Nairobi, vina kliniki ambako wanafunzi hutibu chini ya walimu wao. Ni polepole, utakaa kwenye kiti muda mrefu, lakini mwanafunzi anayesimamiwa hana haraka, na kwa fizi kutokuwa na haraka ni sifa. Karibu na tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, sikiliza redio. Uchunguzi wa bure hutangazwa mara nyingi.

Ukifika, usiseme "nataka kung'oa." Ukiomba kung'olewa, kliniki yenye foleni ndefu itakung'oa. Sema hivi: "Naomba nipimwe kina cha fizi, na nisafishwe mpaka chini ya fizi."

Hatua ya 4: Kwenye kiti

Mtaalamu ataingiza kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya fizi na jino. Milimita 1 hadi 3 ni sawa. Kuanzia 4 ni kifuko. Omba aandike namba kubwa zaidi kila upande, au akuambie uandike mwenyewe. Picha ya eksirei huonyesha mfupa umebaki kiasi gani.

Kisha anatoa ugaga, kwa mashine inayotetemeka na kumwaga maji au kwa vyuma vya mkono. Kwenye vifuko virefu huchoma ganzi na kusafisha mizizi yenyewe, mara nyingi kwa safari mbili au zaidi. Kung'arisha meno ya mbele kwa dakika kumi si matibabu ya fizi. Ukitoka hapo bila mtu kugusa chini ya fizi, umepata meno ya kupigia picha.

Lazima nizungumzie kauli moja, maana imewafukuza wengi: "Kusafisha kunalegeza meno." Nimeisikia msibani, saluni, hata kwa muuguzi mmoja. Linalotokea ni hili. Mfupa ulishaliwa, jino lilishalegea, ila ugaga uliganda kati ya meno na kuyashikanisha kama zege. Ukiondolewa, unaona hali ilivyokuwa. Wakati huohuo fizi iliyovimba inanywea, nafasi kati ya meno zinaonekana, na maji baridi yanachoma kwa siku au wiki kadhaa. Mgonjwa anarudi nyumbani akiamini ameharibiwa. Meno yaliyolegea kiasi mara nyingi hukaza tena kidogo uvimbe ukiisha. Fundi akibandua plasta iliyooza ukaona ufa ukutani, ufa huo hakuuleta yeye.

Antibayotiki si dawa ya fizi kwa kawaida. Kumeza amoksilini za duka la dawa bila kutoa ugaga ni kumwagia maji moshi.

Hatua ya 5: Kila usiku, dakika saba

Usiku ndio wakati wenyewe. Mate hupungua ukilala, na bakteria wanabaki bila wa kuwasumbua. Ukiwa na nguvu ya kufanya kazi moja nzuri kwa siku, iwe hii. Asubuhi inaweza kuwa fupi.

Anza kati ya meno, kabla ya mswaki. Kama nafasi ni finyu tumia uzi: kata urefu wa mkono mpaka kiwiko, zungushia vidole vya kati, uingize taratibu kwa kusogeza mbele na nyuma, usiuchape kwenye fizi. Ukifika chini ukumbatishe kwenye jino moja, panda nao juu, kisha jino la pili. Kama nafasi ni pana, na kwa mwenye ugonjwa wa fizi mara nyingi ni pana, vibrashi vidogo vya kati ya meno vinashinda uzi kwa mbali. Chagua saizi inayobana kidogo bila kulazimisha. Vinaoshwa na kutumika tena siku kadhaa, kwa hiyo bei si kubwa inavyoonekana. Vijiti vya kuchokonolea meno vya hotelini vinatoa nyama, havitoi ukoga.

Mswaki uwe laini. Najua wengi wetu tumelelewa na imani kwamba mgumu ndio unaosafisha. Mgumu unakwangua shingo ya jino na kusukuma fizi ishuke. Uinamishe kwa digrii 45, nusu ya brashi ikiwa juu ya jino na nusu kwenye ukingo wa fizi. Tetemesha kwa mwendo mfupi, kama mtu anayesugua doa kwenye kanga asiyotaka kuichuja, halafu sogea meno mawili. Shika kwa vidole, si kwa ngumi. Anzia sehemu unayoisahau: ndani ya meno ya chini ya mbele, karibu na ulimi, ambako tezi za mate hutoa madini na ugaga hujijenga haraka kuliko kwingine. Dakika mbili kamili, kwa saa ya simu. Wimbo mmoja wa redio unazidi.

Dawa ya meno iwe na floridi ya 1000 hadi 1500, namba iko nyuma ya boksi. Ukimaliza tema, usisukutue kwa maji mengi. Iache ifanye kazi.

Mswaki wa mti, ule uliotupa hata jina la mswaki wa plastiki, unafaa ukitumiwa vizuri. Tafuna ncha ilainike iwe brashi, kata ncha kila siku, na ufike ndani karibu na ulimi, mahali watumiaji wengi hawafiki. Mkaa, majivu, mchanga na limau viache.

Damu itaendelea kutoka kwa siku kadhaa, pengine wiki mbili, hata ukifanya kila kitu sawa. Ni hapa shangazi alipokosea. Sehemu inayotoka damu ndiyo inayohitaji mswaki zaidi, kwa upole. Ikiendelea baada ya wiki mbili za kazi ya kweli, kuna ugaga chini. Rudi Hatua ya 3.

Maji ya chumvi vuguvugu, nusu kijiko cha chai kwenye glasi, yanatuliza baada ya kusafishwa, kwa siku chache. Klorheksidini ya kusukutua hupewa kwa wiki mbili hivi, na huacha madoa ya kahawia ukizidisha. Usiitumie mara baada ya dawa ya meno, kwa kuwa hunyong'onyeshana. Pisha nusu saa. Vyote viwili haviyeyushi ugaga.

Wanaofunga Ramadhani, safisha baada ya daku na kabla ya kulala. Kinywa kikavu mchana kutwa na tende usiku si mchanganyiko mwema kwa fizi.

Sigara nitaisema kwa sentensi moja, kwani umeshaisikia: hakuna matibabu ya fizi yanayoshika vizuri kwa anayeendelea kuvuta.

Kwa anayemuuguza mzee wa kitandani

Hapa fizi hukutana na mapafu. Mzee asiyemeza vizuri huvuta mate yake mwenyewe kifuani, pamoja na bakteria wote waliomo. Utafiti uliofanywa kwenye nyumba za wazee nchini Japani, ukachapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba waliosafishwa kinywa baada ya kila mlo walipata nimonia kidogo kuliko wenzao.

Mkalishe au muinue kichwa kwa mito, usimsafishe akiwa chali. Tumia mswaki mdogo wa mtoto, dawa ya meno kidogo kama punje ya njegere, maji machache. Zungushia kidole kitambaa laini kilicholowana, ufute povu kwenye fizi, mashavu na ulimi, hata kama hana jino hata moja. Mwombe ruhusa kwanza: "Bibi, nikusafishe kinywa?" Mtu mzima kuingizwa kidole mdomoni bila kuulizwa ni aibu kubwa kwake, na atauma. Meno ya bandia yatolewe usiku, yasuguliwe kwa sabuni ya kipande na maji ya baridi, yalale kwenye maji safi.

Hatua ya 6: Miezi mitatu baadaye

Rudi kwenye meno baada ya wiki 8 hadi 12. Vifuko vipimwe tena, kwenye sehemu zilezile. Iliyokuwa 6 ikiwa 4 bila damu, kazi imefanyika. Iliyogoma inaweza kuhitaji kusafishwa tena au upasuaji mdogo wa fizi. Wakati huohuo rudia HbA1c, na ulinganishe na ile ya Hatua ya 2. Ikishuka, mwambie daktari wa kisukari kabla hajabadilisha dozi, ajue kilichofanyika. Isiposhuka, usikate tamaa na fizi. Angalia chakula, dawa unazozisahau, na maambukizi mengine kama ya njia ya mkojo.

Baada ya hapo, mwenye kisukari na ugonjwa wa fizi husafishwa kila miezi 3 au 4 badala ya mara moja kwa mwaka. Bahati nzuri ni mzunguko uleule wa HbA1c, kwa hiyo weka siku moja ya vyote viwili. Shangazi huandika nyuma ya kadi yake ya kliniki: tarehe, HbA1c, kifuko kirefu kuliko vyote, na uzito. Na siku hiyohiyo, akipita dukani kurudi nyumbani, ananunua mswaki mpya, kwa sababu wa zamani unakuwa umetimiza miezi yake mitatu.